Sura ya 5: Kwanza Iwake Bila Diski

Seva mpya ya nyumbani ikigoma kuwaka, wa kwanza kulaumiwa ni muuzaji wa vifaa. Wa pili ni umeme. Mikono iliyoifunga hutajwa mwishoni, tena kwa shingo upande, na mara nyingi ndiyo yenye jawabu. Mashine iliyotumika miaka sita ina njia nyingi za kufa: feni imekwama kwa vumbi, kapasita zimevimba, diski imechoka. Mashine iliyofungwa jana haijapata muda wa kuchoka. Kifaa kinachotoka kiwandani kikiwa kibovu kipo, hatukatai, lakini utakutana nacho mara chache kuliko waya ambao haukuingia mpaka mwisho, au RAM iliyokalishwa kwenye sloti isiyo yake, au mpangilio ambao mazabodi imejiamulia yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kurudi dukani na risiti mkononi, chukua bisibisi.

Seva ya kuhifadhi ina ugumu wake ambao kompyuta ya kawaida haina. Kompyuta ya mezani ina diski moja, pengine mbili. Seva ina nne, sita au nane, na kadi ya kuzibeba, na adapta za kugawa umeme, na pembeni diski ndogo ya mfumo endeshi. Mwenye nayo amengoja vifaa kwa wiki kadhaa. Siku vikitimia anachomeka kila kitu, anafunga kasha kwa skrubu zote, ndipo anabonyeza kitufe. Ikigoma, ana washukiwa kumi na tano na hana shahidi hata mmoja.

Mimi ninaowafundisha kazi hii huwaambia kwamba seva ya kuhifadhi lazima iwake kwanza bila hifadhi. Yaani mazabodi, prosesa na hitisinki yake, kipande kimoja cha RAM, pawa saplai, skrini na kibodi. Basi. Diski za data zichomolewe nyaya zote mbili, wa data na wa umeme. Kadi itoke. Hata feni za mbele za kasha zinaweza kungoja. Ukitaka uhakika zaidi, toa mazabodi nje ya kasha uilaze juu ya boksi lake la karatasi. Usiilaze juu ya ule mfuko wa kijivu unaong'aa iliyokuja nao, maana sehemu ya nje ya mfuko huo inaweza kupitisha umeme.

Wengi hawapendi kazi hii. Wanaona kama kurudi nyuma, hasa baada ya kulaza nyaya kwa ustadi na kuzifunga kwa vibanio. Lakini kompyuta haiwaki kwa mkupuo. Inapita hatua: umeme, kisha kujikagua, ukaguzi ambao mafundi wanauita POST, kisha kutafuta diski yenye mfumo, kisha mfumo wenyewe kupanda, na mwisho kabisa diski za data kufunguliwa. Kila hatua ina namna yake ya kugoma. Ukijua imeishia hatua ipi, umeshawaachia huru washukiwa wengi bila kununua chochote. Mpangilio huu ni wa zamani. IBM ilipotoa PC yake Agosti 1981, mashine ikimaliza kujikagua salama ilitoa mlio mmoja mfupi. Ikikosa diski ya kuanzia, ilifungua lugha ya BASIC iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya chipu zake, na mtumiaji akaendelea kuandika programu zake. Mashine za leo hazina ukarimu huo. Zinakuandikia kwamba hakuna kifaa cha kuanzia, kisha zinanyamaza.

Tuanze na iliyokimya kabisa. Unabonyeza kitufe: hakuna feni, hakuna taa. Angalia swichi ya nyuma ya pawa saplai. Ni jambo la aibu lakini lipo. Kisha angalia viwaya vyembamba vya kitufe cha kasha, vile vinavyokaa kwenye pini ndogo pembeni mwa mazabodi, ambavyo maandishi yake hayasomeki bila tochi. Pini mbili za kitufe hicho unaweza kuzigusanisha kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Ikiwaka, mbovu ni kitufe au waya wake. Isipowaka, ichunguze pawa saplai peke yake. Plagi kubwa ya pini 24 ina pini moja, ya 16, ambayo mazabodi huiunganisha na ardhi ili kuiamuru pawa saplai iamke. Kwenye zile zenye nyaya za rangi ni wa kijani. Chomoa plagi hiyo kwenye mazabodi, unganisha pini hiyo na waya mweusi wowote kwa kipande cha waya, na pawa saplai nzima itaamka. Kuna ambazo feni yake haizunguki mpaka zipate joto, kwa hiyo chomekea feni moja ya kasha uone. Jaribio hili linakuambia kwamba inaamka tu. Kama ina nguvu ya kubeba mzigo, hilo ni swali jingine, nalo linakuja.

Ikiwaka sekunde moja ikazima, ikawaka tena ikazima, fikiria shoti. Chini ya mazabodi kuna vinguzo vya shaba vinavyoinyanyua isiguse bati la kasha. Kasha moja hutengenezwa kupokea mazabodi za ukubwa tofauti, kwa hiyo vinguzo hupangwa upya kila mara. Kinguzo kimoja kikiachwa mahali ambapo mazabodi hii haina tundu, kinagusa solda ya upande wa chini na kila kitu kinazimwa kwa usalama. Hesabu matundu ya mazabodi, hesabu vinguzo. Vilingane.

Ikiwa feni zinazunguka vizuri lakini kioo ni cheusi, kabla ya yote tazama kona ya juu ya mazabodi karibu na prosesa. Pale pana plagi ya pini 8, wakati mwingine 4, ambayo ni umeme wa prosesa. Ile plagi kubwa ya pini 24 haimlishi prosesa. Na kwa kuwa kona hiyo hubanwa na hitisinki, ndiyo plagi inayosahaulika kuliko zote.

Kuna kosa moja la umeme ninalolisemea kwa ukali kwa sababu halirekebishiki. Pawa saplai nyingi za sasa zina nyaya za kuchomoa. Upande wa diski, plagi ni sanifu dunia nzima. Upande wa pawa saplai, kila kampuni inapanga pini itakavyo, na hata matoleo mawili ya kampuni moja yanaweza kutofautiana. Balaa ni kwamba plagi ya kampuni moja mara nyingi inaingia kwenye tundu la nyingine bila kulazimishwa. Ukichukua waya wa diski kutoka pawa saplai ya zamani kwa kuwa ni mrefu kidogo, unaweza ukapeleka volti 12 kwenye njia ya volti 5, na diski zote za mkondo huo zikaungua kwa pamoja kabla hujasikia harufu. Pawa saplai ikifa, nyaya zake zizikwe nayo.

Umeme ukiwa sawa tunaingia kwenye kujikagua. Mazabodi za siku hizi nyingi zina taa nne ndogo pembeni: ya prosesa, ya RAM, ya picha na ya kuanzia mfumo. Nyingine zina kidirisha cha tarakimu mbili. Kwenye BIOS za AMI, kwa mfano, 55 ni kwamba hakuna RAM iliyoonekana, na D6 ni kwamba hakuna mahali pa kuonyesha picha. Taa au tarakimu inayoganda ndiyo hatua iliyogoma.

Kwenye RAM ndiko ninakokuta makosa mengi. Kipande kimoja hakikai popote. Kwenye mazabodi yenye sloti nne, kwa kawaida mahali pake ni sloti ya pili kutoka kwa prosesa, ile inayoandikwa A2, na viwili hukaa ya pili na ya nne. Kibonyeze mpaka kilie pande zote mbili. Kisha kuna mtego wa bei. Wajenzi wa seva hupenda RAM ya ECC, inayojisahihisha makosa, na wakiingia sokoni wanakuta vipande vya DDR4 vilivyotolewa kwenye seva kubwa za maofisini, vikubwa kwa ujazo na vya bei ya kutupa. Vingi ni vya aina ya RDIMM. Vina pini 288 sawasawa na RAM ya kawaida, vinaingia kwenye sloti bila shida yoyote, na mazabodi ya nyumbani haitawaka navyo hata ukiiombea dua. Mazabodi hiyo inataka UDIMM, ile ya kawaida. DDR5 imeondoa mtego huu kwa kuhamisha pengo la katikati, kwa hiyo aina moja haiingii kwenye sloti ya nyingine.

DDR5 nayo imeleta jambo lake. Mara ya kwanza kuwashwa, mazabodi hujifunza tabia ya RAM iliyopewa, ikijaribu kasi na muda wa mawimbi mpaka ipate unaotulia. Kwenye mazabodi za AM5, zilizoanza kutoka 2022, kazi hiyo inaweza kula dakika kadhaa, zaidi kama RAM ni nyingi, na muda wote huo kioo ni cheusi na taa ya RAM inawaka. Mtu mwenye haraka anazima. Akiwasha tena, inaanza upya kujifunza. Nenda kapike chai.

Taa ya picha ikiganda, uliza kama prosesa yako ina uwezo wa kutoa picha. Za Intel zenye herufi F mwishoni hazina. Ryzen nyingi za kabla ya mfululizo wa 7000 hazina, isipokuwa zile zenye G. Seva iliyokamilika haihitaji skrini, lakini siku ya kuiwekea mfumo unaihitaji, kwa hiyo azima kadi ya picha hata ya zamani. Na taa ya prosesa ikiganda huku prosesa ni mpya kuliko mazabodi, huenda BIOS iliyomo haijawahi kumsikia mgeni huyo. Mwaka 2018 AMD ilikuwa ikiwaazima wateja prosesa ya zamani ili wawashe mazabodi, wasasishe BIOS, kisha wairudishe. Sasa mazabodi nyingi zina kitufe nyuma kinachosoma faili la BIOS moja kwa moja kutoka kwenye flashi ya FAT32, bila prosesa wala RAM. Faili lipewe jina lilelile linalotajwa kwenye kijitabu, na flashi ikae kwenye tundu lililowekewa alama.

Taa hizo, hata hivyo, zinasema mashine imeishia wapi. Kilichoharibika hazikijui. Kijana mmoja wa studio ya video za harusi, hapa Dar es Salaam, alinipigia akiwa amekata tamaa.

"Fundi, feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo cheusi. Nimeshabadilisha RAM mara mbili."

"Kwa nini RAM?"

"Si taa ya RAM ndiyo imeganda, kaka."

"Na zaidi ya hiyo RAM umechomeka nini?"

"Vyote. Diski sita na ile kadi."

"Toa kadi."

"Kadi ya diski inahusiana nini na RAM?"

Swali lake lilikuwa la haki. Alitoa kadi, na picha ikaja kwenye kioo mara moja, na RAM zote, mpya na zile alizozitilia shaka, zikasomeka. Kadi yenyewe ilikuwa nzima. Ilitolewa kwenye seva ya kiofisi, na kadi za namna hiyo hutumia waya mdogo wa mazungumzo uitwao SMBus, uliomo ndani ya sloti ya PCIe. Kwenye mazabodi nyingi za nyumbani waya huohuo ndio unaotumika kusoma kila kipande cha RAM kijieleze: ujazo, kasi, volti. Kadi ikaongea ikaifunika sauti ya RAM, mazabodi ikashindwa kusikia, ikaamini haina RAM.

Dawa ni tepe. Upande wa kadi wenye vifaa, anza kuhesabu vidole vya dhahabu kutoka mwisho ulio karibu na bati la kufungia skrubu. Cha tano na cha sita, B5 na B6, ndivyo vya SMBus. Kila kidole kina upana wa chini ya milimita moja, kwa hiyo huwezi kuvifunika kwa selotepu na macho matupu. Tumia utepe wa Kapton, ule wa rangi ya asali unaostahimili joto, ukate kipande chembamba kwa wembe, ukiweke kwa kibanio cha nyusi, kisha pitisha ukucha juu yake mpaka ulale kabisa. Ukikunjika, sloti itaung'oa wakati wa kuingiza. Kidole cha nne na cha saba visiguswe. Kijana alifanya kazi hiyo kwa simu ikiwa kwenye spika, na kadi ikarudi mahali pake bila RAM kulalamika.

Kama angeendelea kuifuata taa peke yake, angenunua RAM ya tatu. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza bila hifadhi. Mashine ikiwaka ikiwa tupu, halafu ikagoma pale ulipoongeza kitu kimoja, mjadala umekwisha. Rudisha kwa mpangilio: RAM iliyobaki, kisha kadi bila diski, kisha diski ya mfumo, kisha diski za data moja baada ya nyingine, na kila hatua washa mpaka uone ukurasa wa BIOS. Inachosha, lakini jioni moja inatosha.

Mazabodi nyingine zina tabia nyingine na kadi: ukijaza ile sloti ndefu ya juu, zinadhani umeweka kadi ya picha, zinazima picha ya prosesa. Mashine imewaka vizuri, wewe huoni kitu. Kwenye BIOS pana mpangilio wa kuchagua picha itoke wapi. Uweke kwenye prosesa kabla ya kuingiza kadi.

Sasa diski. Ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta takribani ampea 2 kwenye njia ya volti 12, yaani kama wati 24. Ikishazunguka inashuka hadi wati 5 au 8. Nane zikiamka kwa pamoja ni karibu wati 200 kwa sekunde chache, mbali na mazabodi. Pawa saplai ndogo ya bei nafuu, ambayo kwa mahesabu ya kawaida ingetosha, inaweza kujizima hapohapo au kushusha volti kiasi cha diski mbili kutoonekana leo na kuonekana kesho. Dalili ya ugonjwa huu ni kwamba mashine inawaka ikiwa na diski nne na kugoma ikiwa na sita, zozote zile. Kadi nyingi za diski zinaweza kupangwa ziamshe diski kwa zamu. La sivyo, nunua pawa saplai ya kufaa. Hapa si mahali pa kubana matumizi. Adapta za kugawa umeme nazo zichague kwa macho. Zile ambazo plagi ya SATA imefinyangwa kwa plastiki moja pamoja na nyaya zimeshaunguza diski za watu wengi. Afadhali zile ambazo kila waya umebanwa peke yake na kifuniko chake kinafunguka.

Yule kijana, kadi ikiwa sawa, aliona diski nne. Mbili hazikuzunguka kabisa. Ukiweka kiganja juu yake hazitetemeki. Nilimuuliza zilitoka wapi. Alizinunua zikiwa diski za nje za USB, akafungua maganda, kwa kuwa ziliuzwa rahisi kuliko diski tupu za ujazo uleule. Wajenzi wengi hufanya hivyo, na si vibaya. Lakini plagi ya umeme ya SATA ina pini 15, na tatu za kwanza zilikuwa za volti 3.3. Toleo la SATA 3.3 la mwaka 2016 liliipa pini ya tatu kazi mpya: ikipata umeme, diski izimike. Ni kwa ajili ya vituo vikubwa vya data, ili diski iliyoganda iweze kuzimwa na kuwashwa kutoka mbali. Pawa saplai inayofuata desturi ya zamani hupeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo muda wote, na diski inatii: inabaki imezimwa daima. Tepe ileile ya Kapton, pini ya tatu, na diski zote mbili zikanguruma.

Diski ikizunguka lakini isionekane, angalia kijitabu cha mazabodi kabla ya kulaumu waya. Sloti ya M.2 mara nyingi hugawana njia na matundu ya SATA. Ukiweka diski ya M.2, tundu moja au mawili ya SATA yanazimwa kimyakimya. Kama kuna waya wa kushukiwa, SMART, ripoti ya diski kuhusu afya yake, itakuambia: kipimo cha 199, kinachohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na mazabodi, kikipanda, badilisha waya na uache diski.

Mashine ikishaona diski zote, inakuja hatua ambayo watu huiogopa bure. Jana ilikuwa inapandisha mfumo, leo umeongeza diski za data, na kioo kinasema hakuna kifaa cha kuanzia. Hakuna kilichoharibika. BIOS imeona diski mpya ikazipanga upya, na diski yako ya mfumo imesukumwa nyuma. Ingia, irudishe mbele, hifadhi, toka. Ikiwa umetumia diski zilizowahi kukaa kwenye kompyuta nyingine, huenda moja ina mabaki ya Windows au Linux ya zamani na ndiyo inayojaribu kupanda. Na flashi uliyowekea mfumo, je, imetoka kwenye tundu lake?

Palipo na ugumu kidogo ni kwenye UEFI, mtindo mpya wa BIOS. Mfumo ukiwekwa, huandika jina lake kwenye kumbukumbu ndogo ya mazabodi: nitafute kwenye folda fulani ya diski fulani. Ukisasisha BIOS au ukifuta mipangilio yake kwa jampa, baadhi ya mazabodi hupoteza jina hilo. Mfumo upo mzima kwenye diski, lakini mazabodi haijui mlango. Bila jina, inajaribu njia moja tu ya akiba, faili la BOOTX64.EFI ndani ya folda ya BOOT iliyomo kwenye folda ya EFI. Debian, ambayo OpenMediaVault imejengwa juu yake, ina folda yake yenyewe, na kisakinishi chake kinaweza kuombwa kiweke nakala kwenye njia hiyo ya akiba pia. Omba. Unraid, inayopanda kutoka kwenye flashi, ina kituko chake: folda yake ya EFI huja na kistari mwishoni mwa jina, na kistari hicho kisipoondolewa, mazabodi inayotaka UEFI haitaiona flashi kabisa. Nao wanaotumia mazabodi kuukuu kwa mtindo wa BIOS ya zamani wakumbuke kwamba jedwali la MBR haliwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2.2 hivi. Diski ya mfumo iwe ndogo, na zile kubwa zipangwe kwa GPT.

Hatua ya mwisho ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu seva inakuwa imewaka lakini haionekani kwenye mtandao. Kwenye Linux, diski za data huorodheshwa kwenye faili la /etc/fstab. Ukiandika diski kwa jina la sdb au sdc, ujue majina hayo hugawiwa upya mashine inapowaka. Kadi ikiongezwa, sdb ya jana inaweza kuwa sdd leo. Andika UUID, kitambulisho chake kisichobadilika. Lakini hata kwa UUID, diski moja isipoitika, mfumo huingoja sekunde 90, kisha unakataa kuendelea na kujifungia kwenye hali ya dharura, kabla ya kufungua SSH, mlango wa kuingilia kutoka mbali. Mwenye seva, aliyeiweka juu ya kabati bila skrini, anaapa kwamba haiwaki. Neno moja kwenye mstari wa diski hiyo, nofail, linaruhusu mfumo upande bila kuingoja. Kwenye TrueNAS na nyingine zinazotumia ZFS tatizo la majina halipo, maana kila diski imebeba ndani yake kitambulisho cha kundi lake, hata ukizichanganya matundu. Huko utakutana na jingine: kundi la diski lililotoka kwenye mashine nyingine bila kuagwa vizuri litakataa kufunguliwa mpaka ulilazimishe, kwa kuwa ZFS inaogopa mashine mbili zisije zikaandika kwenye diski moja. Lazimisha, ikiwa una hakika ile mashine ya zamani imezimwa.

Kabla ya kunakili hata picha moja, iache usiku kucha na Memtest86+ ikijaribu RAM, kisha zipe diski jaribio refu la SMART. Halafu ingia kwenye BIOS mara ya mwisho, utafute mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi baada ya kukatika. Kutoka kiwandani mara nyingi umewekwa mashine ibaki imezimwa. Kuna chaguo la kurudia hali iliyokuwepo, na wengi hulichagua kwa kuliona la busara. Ukiwa na UPS inayoizima seva kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha, hali iliyokuwepo ni kuzimwa, na umeme ukirudi seva itabaki imelala. Chagua iwake kila mara.

Kisha ijaribu kama itakavyoishi. Izime kwa utaratibu, toa skrini, toa kibodi, zima soketi ya ukutani, ngoja kama dakika moja, washa. Ipe dakika tano na ujaribu kufungua folda zake kwenye simu. Zisipofunguka, rudisha skrini kabla ya kufungua kasha. Mara nyingi utaikuta imesimama kwenye ukurasa unaosema kibodi haikupatikana, bonyeza F1 kuendelea.